Mama Yako Hakumrudia Kuku

Mwanangu Kabula,

Nimekusikia ukifunga sanduku lako, ukalifungua, ukalifunga tena. Baadaye ulikuja mlangoni kwangu ukauliza kama nimekunywa dawa, nikasema nimekunywa. Ulisimama kidogo pale, kama mtu mwenye neno. Mwenye neno nilikuwa mimi, nikakwambia ukalale.

Sasa nyumba imetulia, mvua imeanza kupiga bati, na mimi naandika. Utanisamehe mwandiko. Nimewaadhibu watoto wa watu miaka mingi kwa kuandika ovyo, na leo mistari yangu mwenyewe inapanda na kushuka. Miguu imevimba hadi magotini na pumzi inaishia shingoni. Daktari hakunificha, na mimi sitakuficha: sidhani kama utanikuta utakaporudi kunisalimia baada ya mavuno.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala kuchemsha maji, wala namna ya kukaa na mama mkwe. Hayo unayajua kunishinda. Nina jambo moja tu, na naliandika hapa mwanzo nisije nikapata woga nikifika katikati. Mama yako hakufa kwa sababu ya kuku wako. Nimelijua hilo tangu wiki ile ile ya mafuriko, wewe ukiwa na miaka saba, na nimenyamaza mpaka leo. Soma mpaka mwisho kabla ya kuniita. Au kabla ya kuamua kwamba hutaniita tena.

Naogopa, Kabula. Naogopa mambo mawili na sijui lipi kubwa. Kesho unakwenda kuishi Mabondeni, kule kule, na mvua za mwaka huu zimeanza mapema, na redio kila jioni inasema zitakuwa kubwa kuliko tulizozizoea. Lameck ni kijana mzuri. Anakupenda, na mpunga anaujua. Lakini alipokuja mara ya mwisho nilimuuliza nyumba yenu ameijenga wapi, akasema kando ya majaruba yake ya mpunga, asichoke kutembea.

"Na maji?" nikamuuliza.

"Ah, mzee, maji si yanakuja kila mwaka? Yanaingia, yanatusalimia, yanaondoka. Tumeshayazoea."

Wewe ulikuwa unamimina chai, ukatabasamu. Mimi kikombe kilinishinda kushika, nikakiweka chini. Mlidhani ni ugonjwa.

Jambo la pili ninaloliogopa ni wewe kusoma karatasi hizi.

Sijui unaikumbuka Mabondeni kiasi gani. Uliondoka mdogo nami nikakuleta huku Kabungu, na kila ulipouliza habari za kule nilikupa kazi ya kufanya. Ni bonde refu la udongo mweusi, mto upande mmoja na pori upande wa pili. Shule iko katikati, mahali palipoinuka kidogo, na nyuma yake ndiyo njia ya mlimani. Bondeni kwenyewe hakuna mwinuko mwingine isipokuwa vichuguu, vingine vikubwa kama nyumba. Mto ukifurika unaacha tope, na tope lile ukipanda mpunga unasimama mpaka kifuani. Ndiyo maana watu hawahami. Maji yanayowafukuza ndiyo yanayowalisha.

Nilipofika pale kufundisha, wenyeji walikuwapo tangu zamani, na Wasukuma walikuwa wameanza kuingia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mimi Mkonongo nilimpenda binti wa Kisukuma, Mbuke. Kaka yake, mjomba wako Masanja, alinisumbua siku nzima kwenye maneno ya mahari. "Shemeji mwalimu," akasema mbele ya wazee, "ng'ombe zako tunazisikia tu. Au zote umezichora ubaoni?" Watu wakacheka mpaka mama yako huko ndani akasikika akicheka. Tangu siku hiyo Masanja ndiye mtu aliyenichekesha kuliko wote, na ndiye mtu ambaye kicheko chake kilikuja kunitisha kuliko mto.

Mafuriko yangu ya kwanza yalinikuta nina miezi michache tu kule. Tulikaa mlimani chini ya majani, tukashuka maji yalipopungua. Nilidhani nitakuta kilio. Nilikuta kambare chini ya madawati, watu wakiwakimbiza kwa vicheko. Kulikuwa na harufu ya tope na majani yaliyooza ambayo haikutoka kwenye nguo kwa wiki nyingi. Kulikuwa na nyoka kwenye mapaa, ng'ombe waliooza kwato, watoto wanaoharisha. Lakini asubuhi ya pili vijana wa Kisukuma walikuja kwa kundi, wakiimba, wakakanyaga udongo, wakasiliba nyumba moja baada ya nyingine, na yangu ikiwamo, ingawa sikuwa mtu wao bado. Mbegu ya mpunga ilikuwa imening'inizwa darini kwenye vibuyu, kavu kabisa. Ndani ya mwezi bonde lilikuwa la kijani. Kurudi vile kunalevya, mwanangu. Unasiliba ukuta pale pale ulipoanguka, unaona umeshinda. Mwaka unaofuata unasiliba tena. Mimi nimesiliba mara nyingi, na nimejua kwa kuchelewa kwamba kazi ile ilitusahaulisha kuogopa.

Sasa nikuambie habari za mwano, maana kila kitu kilianzia hapo.

Umelelewa huku, huenda hujawahi kuusikia. Ni ukelele wa Wasukuma wa kuomba msaada, mrefu, unapanda juu na kukatika, halafu unapanda tena. Ukiusikia, unaacha chakula, unaacha mgonjwa, unachukua silaha unakwenda. Asiyetoka anatozwa faini na kutengwa. Wenyeji nao waliuzoea, wakawa wanatoka. Ulikuwa wa kila kitu: mwizi wa ng'ombe, moto, simba, na maji.

Tatizo, kwangu mimi, lilikuwa maji. Kila masika mtu mmoja anaona mto umepanda, anapiga mwano, kijiji kizima kinakimbia, darasa langu linabaki tupu, na maji hayaji. Ikawa hivyo tena na tena. Wanaume wakaanza kuchoka, wengine wakawa wanatoka polepole, na katika uchovu huo wezi wakachukua ng'ombe wa mzee mmoja mchana kweupe. Kukawa na mkutano, na mimi, msomi wa kijiji, nikasimama. Nikasema tugawe sauti. Mwano ubaki kwa wezi tu. Kwa maji nitatundika ringi ya lori pale shuleni, nitaipiga mimi, nikishatazama mto kwa macho yangu.

Nilisema vizuri sana siku ile. Mama yako, aliyekuwa amekaa na wanawake, akanyanyua mkono. "Kwa hiyo mimi nikizama, nikimbie kwanza shuleni nikagonge chuma?" Mkutano ukaanguka kicheko. Na mimi nikacheka, nikamjibu kwamba mke wa mwalimu atapigiwa ringi kabla hajalowa miguu. Wakacheka zaidi. Sheria ikapita. Masanja, aliyekuwa kiongozi wa walinzi, akaongeza lake: kwa kuwa sasa mwano ni wa wezi tu, mtu akiusikia asipoteze muda kwenda kwa anayelia. Akate moja kwa moja porini, akawazibie njia.

Jambo hilo lilionekana la akili. Hata leo nikilifikiria nashindwa kuona ni mtu gani pale angelipinga.

Nilichimbia nguzo mtoni, nikaipaka chokaa mahali fulani, nikawaambia watu wote: maji yakigusa chokaa napiga ringi, simsubiri mtu. Na masika yale nikaipiga mara moja. Maji yalikuwa hayajagusa bado, lakini mvua ilikuwa kubwa, wewe ulikuwa na homa, nikaingiwa na woga. Watu walipanda mlimani na wazee na vyungu na ndama, wakanyeshewa huko usiku kucha. Maji hayakuja. Waliporudi walikuta nguruwe pori wamelala kwenye mahindi yao kama kwao.

Masanja hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alikuja kilabuni, akaketi, akasema, "Shemeji mwalimu, wewe hata chura akikojoa mtoni unapiga ringi." Basi. Hilo likawa jina langu. Watoto niliowafundisha kusoma waliimba chura, chura, nikipita. Wanawake wakinisalimia kisimani walikuwa wakiangaliana. Nilicheka pamoja nao, Kabula, nilijua kucheka. Lakini moyoni niliapa kwamba sitapiga ringi tena mpaka maji yawe yamenilowesha mwenyewe.

Ndivyo nilivyokuwa siku ile ilipofika.

Jua lilikuwa linawaka. Kwetu hakukuwa na tone tangu juzi yake. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, ambako hatukuiona. Asubuhi, kabla ya kwenda shule na mimi, ulimsumbua sana mama yako kwa ajili ya kuku wako mwekundu aliyekuwa ameatamia. "Mama, usimwache atoke. Mama, mayai yatapoa. Mama, umtazame." Akakwambia, "Nenda shule wewe, nitamkalia mimi mwenyewe hayo mayai." Ulicheka njia nzima.

Wakati wa mapumziko nilishuka mtoni. Maji yalikuwa yamegusa chokaa. Yalikuwa yameimeza, imebaki nyeupe kidogo tu juu, na yalikuwa mazito, mekundu, yamebeba mabua na povu.

Nataka uelewe hapa vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Sikukosa kujua. Niliitazama alama niliyoiweka kwa mkono wangu, nikajua inasema nini. Halafu nikatazama mbinguni, hakuna wingu. Nikamsikia Masanja masikioni kama yuko nyuma yangu. Nikajiambia yatashuka. Nikajiambia ngoja kipindi cha mwisho kiishe, nitakuja kutazama tena.

Mama yako alinikuta njiani narudi shuleni. Alikuwa na ndoo tupu mkononi.

"Baba Kabula, umeiona nguzo?"

"Nimeiona."

"Maji yamegusa chokaa?"

"Bado."

"Mbona mto unanguruma hivi?"

"Si unanguruma kila siku?"

Akanitazama. Alikuwa na namna yake ya kumtazama mtu, wewe unayo. "Kama ni kwa sababu ya maneno ya kaka yangu, mwache acheke. Acheke akiwa huko juu mlimani. Nitamjibu mimi."

"Nimekwambia bado, Mama Kabula. Kwani hapa mwalimu nani?"

Akatabasamu, akahamisha ndoo mkono wa pili. "Mwalimu ni wewe," akasema, akashika njia ya nyumbani. Hakuniambia neno jingine tena duniani.

Nilikuwa ubaoni mwano ulipolia. Niliijua sauti. Katika wanawake wote wa bonde lile, ningeijua ile. Na mimi peke yangu katika kijiji kizima nilijua analilia nini, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa nimeiona nguzo. Nilitazama dirishani, nikawaona wanaume wakikatiza uwanja wa shule, Masanja mbele, mikuki na marungu juu, wanakimbia kwa nguvu zao zote kuelekea porini. Mto walikuwa wameupa migongo. Walikuwa wanatii sheria yangu.

Nikakimbilia ringi. Niliipiga mpaka nondo ikaniruka mkononi, nikaiokota nikapiga tena. Mwano na ringi vikalia pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na waliokuwa nyuma wakasimama wakaangalia huku na huku, hawajui wafuate kipi. Waliotangulia hawakusikia kitu. Mwano ukalia tena. Ukalia mara nyingine. Nikawakusanya watoto tukapanda mlima, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wangu.

Kutoka juu bonde lilikuwa linajaa bila haraka, chini ya jua, linang'aa kama bati jipya. Sijaona kitu cha kutisha kama maji yale yasiyokuwa na kelele kwa mbali. Nikatafuta nyumba yetu. Kwenye kichuguu kilicho karibu nayo nikamwona mtu amesimama, amevaa kitenge cha njano. Nikasema Mungu asante. Nikageuka kuwatazama watoto, mmoja alikuwa amejikata mguu, nikaufunga. Nilipogeuka tena kichuguu hakikuwa na mtu.

Yaliyofuata umeyasikia mara nyingi, lakini uliyasikia yalivyosemwa. Maji yalipopungua, wanaume walikuta tenga juu ya kichuguu, kuku wako mwekundu yumo ndani, mzima, amekalia mayai yake. Mama yako walimpata chini kabisa, kwenye matete. Wakaunganisha: alikuwa ameshatoka, akamrudia kuku wa mtoto, maji yakamkuta. Ukiitazama kwa macho ya watu wale, ndivyo ilivyoonekana. Walilisema mbele yako, kwa huruma, bila kufikiri. "Maskini, kumbe alirudia kuku wa mtoto."

Sivyo. Bibi Maria, yule jirani yetu asiyeona vizuri, waliyemkuta amelala juu ya kihenge chake cha mpunga, aliniita nilipokwenda kumjulia hali. Alikuwa anakohoa sana. Akanishika mkono akaniambia: "Mwalimu, mkeo alikuwa ameshapanda kichuguuni na tenga lake. Nilimsikia akipiga mwano, akinyamaza kusikiliza, akipiga tena. Hakuna aliyekuja. Akasema kwa sauti, hawaji hawa. Akashuka kunifuata. Alinisukuma juu ya kihenge kwa mabega yake, mimi mwenyewe nikihisi maji yakimvuta. Mwambie mtoto wake." Bibi Maria alifariki wiki hiyo hiyo kwa kifua. Nikabaki mimi tu ninayejua.

Mwambie mtoto wake, alisema. Sikukuambia.

Nikikueleza kwa nini, utaniona mdogo, na ndivyo nilivyo. Wazazi waliniletea mbuzi. Walisema mwalimu amewaokoa watoto wetu, na kweli watoto wote walikuwa hai. Kiongozi mmoja alikuja akahutubia, akanitaja kwa jina, watu wakapiga makofi na wewe ukiwa mapajani mwangu. Kama Mbuke aliuawa na kuku, basi hakuna mtu wa kuuliza habari za nguzo. Kama alikufa kwa sababu mwano wake haukuitikiwa, mtu angeuliza kwa nini ringi ilichelewa, na mwingine angeuliza maji yaligusa chokaa saa ngapi. Nguzo ilikuwa imekwenda na maji. Alama yangu hakuna aliyeiona. Nikamla yule mbuzi.

Mayai yalianguliwa kule mlimani. Vifaranga vikatoka, watoto wenzako wakaja mbio kukuita. Wewe ulikaa umegeuka upande wa pili, hukuvitazama. Tangu hapo hujafuga kuku, hujala kuku wala yai, na majirani wanasema Kabula ana mwiko. Ulipokuwa na miaka tisa uliniuliza, tukichambua mchele, "Baba, nisingekuwa na kuku, mama angekuwepo?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema, "Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu." Ukaendelea kuchambua. Kati ya yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Kwa sababu niliona kilichofuata. Uliacha kuomba. Watoto wote wanasumbua wazazi wao, baba nataka hiki, baba nataka kile. Wewe, hakuna. Siku ile ulipovunjika mkono ukafua nguo kwa mkono mmoja mpaka jirani akaona, nilikuuliza kwa nini hukuniita. Ukasema, "Sikutaka kukusumbua, baba." Watu walinisifu kwamba nina binti mtulivu. Mimi nilijua utulivu ule umetoka wapi, nikausikia kila siku hapa nyumbani kama mtu anavyosikia maji chini ya sakafu.

Sasa unaelewa kinachonitetemesha usiku huu. Unakwenda kwenye bonde ambalo mtu asipopiga kelele anakufa, na mimi ndiye niliyekulea usipige kelele.

Masanja atakuja kukupokea lori likifika. Amezeeka, ndevu zote nyeupe, lakini bado ana maneno. Baada ya mafuriko yale wazee waliifuta sheria yangu, ringi haikutundikwa tena, na mwano ukarudi kuwa wa kila kitu. Yeye ndiye aliyesimamia. Labda hujui kwa nini kila mwaka baada ya mavuno anakuja hapa na mchele, nami nakufukuza uende jikoni tubaki wawili. Anakuja kuniomba msamaha. Kila mwaka, maneno yale yale. "Shemeji, ni mimi niliyewapeleka wanaume porini. Dada yangu aliita, mimi nikampa mgongo." Na kila mwaka namjibu, "Mambo ya Mungu, shemeji," naye ananishukuru kwa moyo wangu mwema. Mwaka jana alilia mpaka nikamshika. Nilimshika, nikanyamaza.

Yeye hajui kusoma. Nakuomba umsomee barua hii. Sikulazimishi, ukiona umechagua kuichoma, ichome, ni yako. Lakini mzee yule asife akidhani alimpa dada yake mgongo kwa kosa lake. Atakasirika. Anaweza kuja hapa kunitukana, na kama atanikuta hai nitamshukuru.

Kuhusu Lameck na nyumba yenu kando ya majaruba, nilitaka kumwamuru. Nimeshaandika maneno nikayakata. Mtu aliyeona chokaa imezama akasema bado, ana haki gani ya kuwaambia watu wajenge wapi? Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona. Maji makubwa hayafanani na yale ya kila mwaka yanayosalimia watu. Yanaweza kuja jua likiwaka, na kabla hayajakufikia miguuni kuna muda mfupi ambao unajua, na huna ushahidi, na kila mtu unayemtazama usoni ametulia. Muda huo nimeishi ndani yake mpaka leo. Ukikujia, Kabula, usimtazame mtu usoni. Usimuulize Lameck. Usingoje mkubwa aseme. Piga mwano. Ukikosea watakuita chura kama walivyoniita mimi, na utapita kisimani wakiangaliana, na itauma, siyo mchezo. Halafu maji yakipanda tena kesho yake, upige tena.

Huenda hujui unapigwaje. Mama yako aliwahi kunifundisha, nikashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Mwombe mjomba wako akufundishe. Mwombe. Hata kumwomba tu kutakuwa ni mwanzo.

Mvua imepungua kidogo wakati naandika hapa, sasa imerudi. Kila ikiongezeka nanyanyua kichwa, kama vile mto unaweza kufika Kabungu. Nimekuwa nikifanya hivi kila masika tangu tuhamie, na wewe ulidhani baba anapenda kusikiliza mvua.

Barua hii nitaiweka karibu na mafiga, chini ya sufuria ya chai, kwa kuwa wewe ndiye unayeamka wa kwanza kuwasha moto. Nje ya mlango wa jikoni, chini ya paa, utakuta tenga. Jana nilimtuma jirani anitafutie kuku wa kuatamia, akaniletea mwekundu. Sikuchagua rangi, ndiye aliyepatikana. Mayai yake yamo ndani. Si lazima umchukue. Ukimwacha, jirani atakuja kumfuata, na mimi sitakuuliza, wala sitasema neno tukiagana. Ukimchukua, lori lina matuta, mpakate.

Sitalala. Nitakusikia ukiwasha moto, halafu kutakuwa na kimya kirefu, nao nitajua ni wa nini. Nitakaa hapa kitandani nimeelekeza sikio kwenye mlango wa jikoni. Kuku akinyanyuliwa ghafla lazima apige kelele. Nasubiri kelele hiyo, Kabula, nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya maji yoyote.

Baba yako